Tulivyokata Mstari wa Kasokoni

Nimewasikia hapo nje tangu asubuhi mkibishana habari ya mipaka. Redio imesema tume itapita hapa Ukambani kugawa upya maeneo ya bunge, na kila mmoja wenu tayari ana ramani yake kichwani. Mmoja anasema kata yetu itatupwa upande wa pili. Mwingine anasema mambo yote yamekwisha kuchorwa Nairobi, na hao watakaokuja wanakuja kunywa chai tu. Haya, ingieni ndani mkae. Si kwamba mimi najua tume itafanya nini. Lakini mpaka ni kitu ambacho nimekikata kwa panga na kukipaka chokaa, na makovu ya miiba ninayo bado, kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Miaka ya thelathini, miaka ile ya nzige na njaa, nilikuwa mshika mnyororo wa serikali. Mnyororo wenyewe ulikuwa wa chuma, wa kupimia ardhi, wenye vipingili vingi na vishikio vya shaba kila upande. Mtu mmoja hushika mbele, mwingine nyuma. Mimi nilikuwa wa mbele, maana yake ni kwamba kila mwiba na kila nyoka wa wilaya ya Kitui alikutana na mimi kwanza.

Provinsi yetu iligawanywa wilaya, wilaya ikagawanywa lokesheni, na kila lokesheni ilikuwa na chifu wake. Pale boma la Kitui kulikuwa na Baraza la Wenyeji, na kila lokesheni ilipeleka watu wake kukaa humo. Nyinyi mngewaita madiwani; sisi tulisema memba. Baraza lile halikuwa na nguvu kubwa. Bwana Disii, mkuu wa wilaya, ndiye aliyekalia kiti cha mbele, na akikataa jambo, limekataliwa. Lakini Baraza ndilo lililosema barabara ipite wapi, shule ijengwe wapi, na silanga ya kukusanya maji ya mvua ichimbwe wapi. Katika nchi kavu kama yetu, mtu anayesema silanga ichimbwe wapi si mtu mdogo.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kitonyi, nyapara wa wakata mstari. Alikuwa mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na alivaa koti la askari lililokuwa limebaki na kifungo kimoja. Somo lake la kwanza lilikuwa la fito. "Simamisha fito tatu," aliniambia. "Chungulia ile ya kwanza. Ukiona moja tu, umenyooka. Ukiziona mbili, mmoja wenu amelewa, na usianze kwa kumshuku mwenzako."

Somo la pili nilijifundisha mwenyewe. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba dira haipendi chuma. Siku moja, Bwana mpimaji, Mzungu aliyetuongoza, akiwa ameinama kwenye dira yake, mimi nikaegemeza panga langu kwenye miguu ya kile chombo nipate kupumzisha mkono. Sindano ikaona panga, ikalipenda. Tukakata mstari tangu asubuhi hadi jua la utosi, mstari mzuri, umenyooka kama uzi, na tukatokea nyuma ya choo cha mwinjilisti mmoja upande wa Kwa Vonza. Mkewe alitoka na mwiko mkononi akatutazama sote, akatazama na bendera yetu.

"Serikali inataka nini kwenye choo changu?" akauliza.

Bwana mpimaji alinyanyua kofia yake akaomba radhi. Kitonyi alicheka hadi akaketi chini. Tangu siku ile, kila tulipokosea njia, alisema tunakwenda kwa mwinjilisti.

Kazi ilitufikisha mbali. Tuliwahi kuvuka hadi nyika za Makueni, tukashuka mpaka Kiboko na Kambu, na huko msifikiri palikuwa kama mnavyopajua. Palikuwa pori la mbung'o na vifaru. Tulijenga bikoni za mawe za kuonyesha mpaka mahali ambapo hapakuwa na mtu hata mmoja wa kuhesabiwa, na tukirudi asubuhi tunakuta kifaru amejikuna hapo, mawe yote chini. Kitonyi alisema huyo ndiye memba wa Makueni, na kwamba amekataa mpaka. Leo watu wamejaa kule, wana wabunge wao, na nasikia nao wanabishana kuhusu mawe yale yale.

Lakini ninachotaka kuwasimulia ni habari ya Kasokoni.

Kulikuwa na lokesheni iliyoitwa Ngalani, nusu yake mlima na nusu yake nyanda. Juu mlimani kulikuwa na chemchemi, migomba na miwa, na ndiko alikokaa Chifu Ndambuki. Chini kabisa, kando ya mto wa mchanga, ndiko Kasokoni. Mto wenyewe hupitisha maji siku chache za mvua, kisha unabaki mchanga mweupe, na watu huchimba visima humo mchangani. Mwaka ukiwa mbaya, kisima huwa kirefu hata watu wasimame humo ndani mmoja juu ya mwingine, kibuyu kikipitishwa kutoka mkono hadi mkono mpaka kifike juu kwa ng'ombe. Na mchanga hauna uaminifu. Ukuta ukimeguka, unameguka na watu.

Memba wa Ngalani walikuwa wawili, na wote walikuwa watu wa mlimani tangu Baraza lianze. Kwa hiyo barabara ilipanda mlimani, na shule ilijengwa mlimani. Watu wa Kasokoni walikwenda boma mara nyingi kulalamika, hadi Bwana Disii akakubali kwamba lokesheni ikatwe sehemu mbili, ya juu na ya chini, na sehemu ya chini ipate memba wake. Tukatumwa sisi kukata mstari.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo penye ujanja, na ujanja huu haujazeeka. Katikati ya mlima na nyanda kulikuwa na kijiji kikubwa kilichoitwa Mbuani. Watu wa Mbuani walikuwa ukoo wa chifu, wengi kuliko Kasokoni nzima. Mstari ukipita chini ya Mbuani, Kasokoni watachagua mtu wao. Ukipita juu ya Mbuani, basi Mbuani wote wanahesabiwa kuwa watu wa chini, na memba wa Kasokoni atachaguliwa na jamaa za chifu. Hakuna haja ya kumpiga mtu wala kumfunga. Ni kusogeza fito tu.

Chifu Ndambuki alitupokea kwa mbuzi. Alikuwa mtu wa tabasamu, mwenye pengo mbele, na alitutumikia kwa mikono yake. Tulipokuwa tunakula, alimwinamia Kitonyi.

"Mzee, pale juu ya Mbuani kuna mwamba mkubwa. Unaonekana kutoka mbali. Ni mpaka mzuri sana ule."

"Ni mwamba mzuri kweli," Kitonyi akasema, akachukua ubavu mwingine.

Usiku nilimwuliza kama tutapita kwenye mwamba. Alikuwa amelala chali, mkono juu ya tumbo. "Mbuzi alikuwa wa chifu," akasema. "Mstari si wa chifu. Usichanganye vyakula."

Kitonyi alikuwa na swali lake moja la kujua mtu ni wa wapi, na alikuwa amemfundisha hata Bwana mpimaji. Usimwulize mtu shamba hili ni la nani, maana atakupa hadithi. Mwulize hivi: ng'ombe wako akila mtama wa jirani, kesi mnaipeleka kwa wazee wa wapi? Mtu ni wa pale anapopeleka ugomvi wake. Swali lile lilikuwa limetupitisha lokesheni nyingi salama.

Kesho yake Bwana aliwaita wazee wa Mbuani. Alikuwa kijana bado, pua imebabuka kwa jua, na Kiswahili chake kilikuwa cha maneno yaliyokatwa mikia, lakini alikuwa na subira. Akawauliza lile swali.

"Kesi tunapeleka Kasokoni," akasema wa kwanza.

"Kasokoni," akasema wa pili.

Walisema hivyo wote, mmoja baada ya mwingine, kama watoto wanaoimba shuleni. Nilimtazama Kitonyi. Uso ulikuwa umemshuka. Swali lake lilikuwa limemtangulia kufika.

Jioni alikwenda hemani kwa Bwana, nami nikamfuata. "Bwana, wale wanadanganya," akasema. "Wamefundishwa."

Bwana akaweka kikombe chini. "Kitonyi, mimi nimeuliza swali yako. Wao wamejibu. Sasa niulize mpaka nipate jibu unayotaka wewe?"

Kwa kweli Bwana alisema haki. Alichoahidi ni kwamba kabla hatujashika panga, kutakuwa na baraza mtoni, watu wa juu na wa chini wakiwapo, atangaze mstari mbele ya wote na kusikia kama kuna mwenye neno. Chifu alipopata habari hiyo alimpitia Kitonyi kambini, bado anatabasamu. Akamwambia kwamba barabara ya mlimani inahitaji watu wa kuvunja mawe, na kwamba nyapara anayeongea sana hupelekwa huko. Kitonyi alivaa koti lake akafunga kile kifungo kimoja.

Maji yetu ya kambini tulipewa na mjane mmoja wa Kasokoni aitwaye Syokau. Kisima kilikuwa cha nyumba yake. Mumewe alifia humo humo mtoni, ukuta ulipomeguka wakati wa kiangazi, na yeye alichimba kingine hatua chache kutoka pale akaendelea kunywesha ng'ombe. Alikuwa mwanamke mwembamba, asiyepoteza maneno. Asubuhi ya baraza nilikwenda kuteka maji, akaniuliza mstari utapita wapi. Nikamwambia juu ya Mbuani, kwenye mwamba.

"Kwa hiyo Mbuani wamekuwa wetu," akasema.

"Ndivyo walivyosema, mwaitu," nikasema, kwa heshima kama ningemwambia mama yangu.

Akajaza kibuyu changu, akatwika chake, akaenda zake. Nilidhani amekata tamaa.

Baraza lilifanyika pale pale kwenye mchanga, jua likiwa bado na huruma. Wanaume walikaa mbele, wanawake nyuma. Bwana akatangaza mstari. Akauliza kama kuna mwenye neno. Munyao wa Kasokoni alisimama. Munyao alikuwa mfugaji, mtu mwema ambaye kila mtu alimwamini, ila mbele ya watu ulimi wake ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Alifungua mdomo, akaufunga, akaketi. Watu wa Mbuani wakachekelea.

Ndipo Syokau akainuka kule nyuma. Hakuomba ruhusa na hakupaza sauti. Aliwageukia wazee wa Mbuani, si Bwana wala chifu.

"Nimefurahi," akasema. "Tulikuwa wachache, sasa tumekuwa wengi. Karibuni. Kesho tunafukua visima, na kwetu kila boma hutoa vijana wawili wa kuingia ndani. Nyinyi mna maboma mengi, kwa hiyo sisi tutapumzika."

Wale wazee walitazamana. Mbuani hawakuwahi kuingia kisima cha mchangani tangu kuzaliwa. Wao walikunywa maji ya chemchemi.

"Na chemchemi," Syokau akaendelea, "ni ya watu wa juu. Zamu zenu za mfereji mtawarudishia wenyewe. Hatuwezi kuwa watu wa chini tukanywa maji ya juu, watatuita wezi. Migomba mtaiacha. Mtazoea. Sisi tumezoea."

Mkalimani alikuwa mtu wa chifu na alitaka kufupisha, lakini Bwana alimwambia aseme yote, neno kwa neno. Mzee mmoja wa Mbuani, mwenye miwa mingi kuliko wenzake, alikohoa.

"Mwaitu, hakuna mtu aliyesema habari ya chemchemi."

"Mmesema nyinyi ni wa Kasokoni."

"Tulisema kesi."

"Kesi gani? Nitajie moja. Wazee wetu hawa hapa, watakumbuka."

Yule mzee akamtazama chifu. Chifu alikuwa anatazama mto, na tabasamu lake lilikuwa limekwenda. Kisha mzee akasema polepole kwamba labda swali la Bwana hawakulisikia vizuri, kwa sababu ya upepo, na kwamba kwa kweli kesi zao, tangu babu zao, zilikuwa zinapanda juu. Wa pili akasema upepo ulikuwa mkali sana siku ile. Basi wote wakaukumbuka upepo.

Bwana alijifuta pua yake iliyobabuka, akachukua kalamu akafuta kitu. "Chini ya Mbuani," akasema. "Kitonyi, leta panga."

Vijana, nimekata mistari mingi, lakini ule niliukata nikiimba. Kitonyi alirudi kuwa Kitonyi. Kila tulipofika kwenye mti wa miiba aliupigia makofi, akasema huyu naye anataka kuwa wa juu au wa chini. Barabara ya mlimani hakupelekwa. Nadhani chifu aliona kwamba kumwadhibu nyapara kwa maneno ya mjane kungemwongezea kicheko.

Lakini chifu hakuwa mtu wa kushindwa mara moja. Wiki hiyo hiyo mpwa wake, Kioko, kijana wa baisikeli na viatu, alijengewa kibanda Kasokoni, akawa mwenyeji. Siku moja kabla ya uchaguzi akachinja fahali. Watu wa Kasokoni walikuwa na njaa, wakala fahali mzima mpaka kwato.

Uchaguzi wa siku hizo haukuwa wa karatasi. Wanaotaka umemba walisimama mbele, na watu wakapanga mstari nyuma ya wanayemtaka, kisha mstari ukatazamwa. Kitonyi na mimi tuliitwa kunyoosha mistari kwa fito zetu, maana ndiyo kazi tuliyojua. Huku akasimama Kioko, ameegemea baisikeli. Huku akasimama Munyao, anatazama vidole vya miguu yake. Wanawake waliambiwa wakae kando, hilo halikuwahusu. Syokau, ambaye bila yeye pasingekuwa na chochote cha kuchagua, alikaa kando pamoja na wengine akisuka kiondo.

Nilikuwa na wasiwasi, nakiri. Fahali ni fahali. Watu walijikokota, wakatazamana, wakajisafisha meno kwa vijiti. Kisha mzee mmoja akapita mbele ya Kioko, akamshukuru kwa nyama kwa mikono miwili, akaenda kusimama nyuma ya Munyao. Wa pili akamshukuru vile vile, naye akaenda. Walimshukuru wote. Sijaona mtu akishindwa kwa heshima namna ile. Nyuma ya baisikeli walibaki ndugu wachache na yule aliyemjengea kibanda.

Kitonyi alinikonyeza. "Hawa nao hawachanganyi vyakula," akasema.

Kwa hiyo Kasokoni wakapata memba wao, na memba wao hakuweza kusema. Kikao cha kwanza cha boma Munyao alikaa tangu asubuhi hadi jioni kama amefungwa kinywa. Mkalimani alikuwa yule yule wa chifu, mtu wa kufupisha. Munyao aliponong'ona kwa Kikamba habari ya visima, watu waliokufa, ng'ombe, umbali, mkalimani alimwambia Bwana Disii, "Anasalimu." Munyao akarudi nyumbani, watu wakamwuliza alisema nini. Akasema alisalimu.

Syokau alinitafuta kambini. "Wewe unajua Kiswahili," akasema.

"Kidogo, mwaitu. Cha kazi."

"Mfundishe Munyao. Si chote. Mfundishe neno moja tu, alishike."

Basi nikawa mwalimu. Jioni baada ya kazi nilikaa na mtu mwenye umri wa baba yangu, nikimfundisha kusema: Kasokoni tunataka silanga. Sikuwahi kuona mtu akihangaika hivyo. Aliisema kwa ng'ombe. Aliisema akitembea. Mkewe aliniambia aliisema usingizini.

Kikao kilichofuata, Bwana Disii alipouliza kama kuna mwenye neno, Munyao alisimama, akavuta pumzi. "Kasokoni tunataka silanga." Akaketi. Wakaongea habari ya daraja; wakamaliza; Munyao akasimama. "Kasokoni tunataka silanga." Wakaongea habari ya mbegu za mtama. Akasimama. Memba wa Ngalani ya juu walicheka mwanzoni. Kikao cha tatu hawakucheka tena. Kikao baada ya kikao, alikuwa akiinuka hata Bwana Disii akawa anamwambia, "Najua, Munyao, kaa," naye anasema kwanza ndipo anakaa. Nilisikia kutoka kwa tarishi wa boma kwamba siku walipopiga kura ya silanga, hata memba mmoja wa mlimani aliinua mkono. Alipoulizwa kwa nini, alisema anataka siku moja aende Barazani asikie kitu kingine.

Silanga ilichimbwa. Ilichukua kiangazi kizima, watu na majembe na ng'ombe wa kukokota udongo, na hata Mbuani walileta vijana, sijui kwa aibu au kwa udadisi. Mvua za vuli zilipokuja, niliomba ruhusa kazini nikaenda kuona. Maji yalikuwa mekundu kama chai ya maziwa, na ng'ombe walikuwa wamesimama humo hadi magotini, hawaamini. Watu walikuwa wamembeba Munyao mabegani, naye anacheka bila sauti, kama alivyofanya kila kitu.

Syokau alikuwa amechutama ukingoni, anajaza kibuyu chake. Alisubiri hadi walipomteremsha mtu wao. Akajitwika, akampitia.

"Umefanya vizuri, Munyao," akamwambia. "Sasa jifunze neno la pili."

"Lipi, mwaitu?"

"Shule."